Kioo Kipana cha Chumba cha Ramani, Newala

Siku mliyoniaga mlinipa kanga mbili, saa ya ukutani, na nafasi ya kusema maneno machache. Maneno yenyewe hayakupata wasaa, maana waliozungumza kabla yangu walikuwa saba, na kila mmoja alianza kwa kusema hana mengi. Basi nayaandika hapa, ninyi mliobaki na chumba cha kompyuta mtayasoma mkitulia. Nilipandishwa cheo lini na mshahara wangu ulikuwaje, sitasema. Hayo yamo kwenye jalada langu, na mwenye hamu aende masjala akapigane na vumbi.

Nilianzia kazi Masasi, katika ofisi ya ramani na upimaji iliyokuwa inahudumia na Newala pia. Nilikuwa ndiyo kwanza natoka chuoni, cheti kikiwa kwenye bahasha ya kaki nimekibana kwapani kama mtu anayeogopa kuibiwa. Fundi wa pale alikuwa Mzee Nampunga, Mmakua wa Lisekese, mwembamba, mwenye sauti ya chini, aliyeanza maisha kwa kutengeneza redio. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akauliza jina la baba yangu na kijiji chetu, kisha akauliza nimekuja na nini. Nikamwonyesha cheti.

"Kizuri," akasema. "Sasa kiweke mbali kisichafuke."

Akanipa penseli na daftari la shule. Kazi yangu ya wiki nzima ya kwanza ikawa kupiga magoti nyuma ya kila kompyuta ya ofisi na kuchora matundu yake: lipi la mviringo, lipi bapa, lipi lina vishimo vingapi. Nililia siku ya pili, si kwa uchungu, kwa hasira. Nimesoma miaka yote ile nije kuchora matundu! Siku ya tano mpimaji mmoja akaja analalamika kioo cha kompyuta yake hakiwaki, na kabla hajamaliza nilikwishajua kwamba waya aliouazima jirani hauwezi kuingia kwenye mashine yake hata auchonge. Mzee Nampunga hakunisifu. Alisema tu, "Mtu akikwambia kioo hakiwaki, mwanangu, usikimbilie kioo. Anza kwenye tundu la kompyuta, fuata waya, malizia kwenye kioo. Vitatu hivyo vikikubaliana, umepona. Kimoja kikikataa, viwili havina ubavu wa kukilazimisha."

Yeye ndiye aliyenifundisha pia habari ya salfa. Mnaijua wenyewe: ukifika wakati wa kupulizia mikorosho, lile vumbi la njano linaingia kila mahali, na shaba iliyo kwenye ncha za waya inapiga weusi. Nimeona kompyuta nzima imeandikiwa kutupwa, na kumbe ilichotaka ni kifutio cha penseli kupitishwa taratibu kwenye meno ya kadi, kisha kitambaa kikavu. Yeye alitembea na kifutio mfukoni, kipande cha rangi ya waridi. Mimi mpaka leo ninacho kimoja kwenye pochi, ingawa sina kompyuta ya kufuta.

Baada ya miaka ya Masasi nikahamishiwa Newala. Nilipanda na mabegi yangu na mwanangu Shukuru, wakati huo anasoma darasa la tatu. Sikujua baridi ya juu kule. Asubuhi ya kwanza ukungu ulikuwa umeingia hadi koridoni, nami nimevaa blauzi ya mikono mifupi ya Masasi. Mwanamke mmoja aliyekuwa anafungua mlango wa chumba cha ramani akanitazama ninavyotetemeka, akavua sweta lake.

"Vaa. Mimi nina mafuta ya kutosha mwilini."

Huyo ndiye Zainabu. Alikuwa mchora ramani, mkubwa kwangu kwa miaka kama sita, mtoto wa ukoo wa wafanyabiashara Wayao wa Masasi. Alinikabidhi sweta, nikamkabidhi maisha yangu ya kazi, naweza kusema hivyo. Tulikaa chumba kimoja miaka kumi na minne. Yeye aliniita Mama Shukuru tangu siku ile. Mimi nilimwita dada.

Dada Zainabu alijifunza kuchora kwa kalamu na wino, juu ya meza kubwa iliyotanda chumba kizima. Kompyuta ilipokuja aliipokea kwa adabu, kama mtu anavyompokea mkwe asiyempenda. Kilichomkera ni kioo kidogo. "Mezani nilikuwa naiona Makote yote, kijiji kizima," alikuwa ananiambia. "Hapa naichungulia kwenye tundu la ufunguo. Nikifika kisimani nimesahau msikiti uko wapi." Nilimwekea vioo viwili ubavu kwa ubavu, tukafanya kazi hivyo miaka kadhaa, lakini ule mpaka wa plastiki katikati ulikuwa unakata vijiji vipande viwili, na mara zote, sijui kwa nini, ulipita juu ya shule.

Kisha macho yakaanza kumsumbua. Daktari akasema ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kabla hajajua linaumwa, na la kulia likawa linafanya kazi ya mawili. Ili asome maandishi ilibidi ayakuze, na akiyakuza, kwenye kioo kile kinabaki kipande cha shamba moja. Kazi ya siku mbili ikawa ya wiki. Mkuu wa ofisi, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa na haraka, akaanza kutaja masjala.

"Masjala nitafanya nini mimi?" Zainabu aliniambia tulipokuwa tunamenya ming'oko ya mchana, vile viazi vya porini. "Nitayanusa majalada nijue lipi ni la nani?" Akacheka. Halafu akaendelea kumenya mng'oko wake, na ganda alilokuwa analiondoa halikuwapo tena.

Nilikuwa nimesoma habari za vioo vipana, vile virefu kwenda pembeni kama vioo viwili vilivyoungwa bila mpaka, vyenye nukta nyingi kiasi kwamba unaweza kukuza maandishi na bado kijiji chote kikaonekana. Nikaandika ombi. Na hapa, wadogo zangu, nisikilizeni, maana ndilo kosa linalorudiwa kila ofisi. Niliomba vitu vitatu: kioo, kompyuta yenye kadi ya picha inayoweza kukibeba kioo hicho, na waya unaofaa baina yake. Ombi likazunguka kwenye meza za wakubwa, likarudi limeidhinishwa kioo. Pembeni mtu ameandika kwa kalamu nyekundu: *Kompyuta zipo. Waya zipo.*

Ni kweli zilikuwapo. Hata baiskeli zilikuwapo.

Kioo kilifika kwenye boksi refu ambalo watu wawili walilibeba kama jeneza, na ofisi nzima ikaja kushuhudia. Nilikiunganisha na kompyuta ya Zainabu, mashine mzee ambayo kwa nguvu zake zote ilijua kutoa picha ya kioo cha kawaida tu. Kikawaka. Watu wakapiga makofi. Lakini picha ilikuwa imevutwa kwenda pembeni ijae, na kila kitu kimenenepa: herufi, nyumba, hata picha ya mkuu aliyoiweka mtu kwa kujipendekeza ilikuwa na mashavu ya kupuliza tarumbeta. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa namwangalia Zainabu. Alisogea, akaweka jicho la kulia karibu na kioo, akarudi nyuma, akasogea tena.

"Ni kubwa, Mama Shukuru," akasema polepole. "Ila sioni zaidi. Naona kilekile, kimevimba."

Ningekuwa na akili ningekizima siku hiyohiyo. Ila kesho yake kulikuwa na kikao cha Makote, na mkuu alitaka wageni wakione kioo kipya.

Shauri la Makote lilikuwa la njia. Bibi Somoe, mjane wa makamo ya mama yangu, alikuwa na shamba la mikorosho aliloachiwa na mumewe, na humo ndimo walimozikwa mume na watoto wake wawili. Kufika kule alipita kwenye kinjia kilichokatiza shamba la jirani yake, Bwana Liuma. Sasa Liuma alirithi shamba lile kutoka kwa mjomba wake, akataka kulizungushia uzio, na akasema njia haipo na haijawahi kuwapo. Bibi azunguke na barabara, mwendo wa zaidi ya saa kwa miguu yake. Wapimaji walikuwa wamerusha ile ndege ndogo isiyo na rubani na kupiga picha ya eneo lote. Kikao kilikuwa kije kuangalia picha, wakubaliane, mpango wa kijiji uchorwe kwa namna hiyo. Kisichochorwa, basi hakipo.

Wakaja watu saba. Zainabu akafungua picha. Mikorosho, ambayo kwa juu ina vichwa vya duara, ilikuwa kama mayai yaliyolazwa. Eneo la makaburi lilikuwa doa la kijivu. Na njia, ule uzi mwembamba wa mchanga mwekundu baina ya miti, haikuonekana kabisa. Kompyuta ilikuwa inatoa nukta chache na kuzitandaza kwenye kioo kinachotaka nyingi. Vitu vyembamba vilikuwa vinamezwa.

Bibi Somoe alitazama muda mrefu. "Wanangu," akasema, "hii siyo Makote."

"Ni Makote, Bibi," mkuu akasema. "Imepigwa kutoka juu."

"Hata ndege anajua Makote. Hii siyo."

Bwana Liuma akaegemea kiti. "Mimi nilisema nikaonekana mchoyo. Sasa mashine ya serikali imesema. Njia iko wapi hapo?"

Zainabu alikuwa anahangaika na kipanya, anakuza, anapunguza, jasho linamtoka na baridi yote ile. Alikuwa na hakika kwamba njia ipo, maana alikwishaichora mara moja kwa mkono miaka ya nyuma, lakini jicho lake halikuweza kuitoa kwenye ule uji. Niliona mkuu anamtazama, nikajua anachokifikiri: si kioo, ni huyu mama na macho yake. Nikasimama. Sikuwa nimeombwa kusema.

"Samahani mkuu. Ramani haina kosa na mchoraji hana kosa. Kosa ni langu mimi fundi. Kompyuta hii na kioo hiki havielewani, na nilijua tangu jana. Picha mnayoiona siyo picha iliyopigwa. Naomba wiki moja."

Bwana Liuma akauliza kama shauri la kijiji linasubiri waya. Mkuu akasema, kwa sauti ambayo nadhani hata sasa sijaizoea, "Wiki moja, Mama Shukuru. Ikipita, tunachora tunachokiona."

Bibi Somoe alipotoka alinishika mkono. Hakusema asante. Aliniuliza, "Wewe umeshawahi kuzika?" Nikamjibu ndiyo, mama yangu. "Basi," akasema, akaenda.

Siku ya kwanza nilijaribu kompyuta mpakato ya mkuu mwenyewe, iliyokuwa mpya kuliko zote. Ilikuwa na lile tundu dogo la mviringo kama la simu za sasa, na nilikuwa nimesoma kwamba tundu hilo hupitisha picha. Nikaunganisha, kioo kikabaki cheusi. Nikagundua kwamba matundu hayo yanafanana sura tu: mengine yanapitisha umeme na mafaili pekee, picha hayaijui. Tazameni alama iliyo pembeni ya tundu, au kitabu cha mashine, kabla hamjamwahidi mtu.

Siku ya pili nikateremka Masasi kutafuta waya. Kioo chetu kilikuwa na tundu la HDMI na tundu la DisplayPort, lile lenye kona moja iliyokatwa. Kompyuta ya Zainabu ilikuwa na HDMI ya zamani. Kijana wa duka akaniuzia waya wenye kichwa cha HDMI huku na cha DisplayPort kule, akaapa kwa jina la mama yake. Niliupandisha Newala kwa furaha, nikachomeka, giza. Waya zile nyingi ni za kwenda upande mmoja: kutoka kompyuta yenye DisplayPort kwenda kioo chenye HDMI. Ukizigeuza hazirudi. Ni kama mteremko wa Newala kwa lori bovu.

Siku ya tatu nilikaa tu. Zainabu akanisogezea chai. Hakutaja kazi. Alinisimulia harusi moja ya Nanganga ambako bwana harusi alichelewa kwa sababu alisimama njiani kuuza ufuta. Nilicheka nikiwa na machozi. Baadaye akasema, "Hata ikishindikana, umesema mbele za watu kwamba sikukosea. Mimi hilo linanitosha."

Halikunitosha mimi. Siku ya nne nikarudi Masasi, moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Nampunga huko Lisekese. Alikuwa amestaafu siku nyingi, anafuga kuku. Nilimkuta anatengeneza kibanda chao, nikamweleza yote nikiwa nimeshika waya mkononi. Hakusema nimekosea. Aliuliza kioo kina nukta ngapi kwa upana, nikamwambia ni elfu tano na ushei. Akapiga mbinja.

"Usiendelee kununua waya, mwanangu. Waya hauongezi nguvu mashine isiyo nayo. Tafuta mashine kwanza." Akafikiri. "Ofisini Masasi kulikuwa na kompyuta kubwa nyeusi, ilikuja na mradi wa barabara. Wanaitumia kuandikia barua. Nenda kaichungulie nyuma."

Nikaenda, nikapiga magoti kama wiki yangu ya kwanza. Ilikuwa na kadi ya picha nzima, matundu matatu ya DisplayPort yamepangana, yote bado yana vizibo vya plastiki vya kiwandani. Mashine ile ilikuwa imekaa miaka miwili inaandika barua za likizo. Karani aliyekuwa anaitumia, mama mmoja mpole, akanisikiliza habari ya Bibi Somoe mpaka mwisho, akasema, "Mimi nataka tu herufi zionekane. Niletee yoyote." Mkuu wa Masasi akaandika kibali cha kubadilishana siku ileile, jambo ambalo sijaliona tena.

Nilisafiri nayo nimeipakata. Siku ya tano asubuhi nikachomeka waya wa DisplayPort kwa DisplayPort, nikawasha, picha ikatoka imevimba vilevile. Nikainama kuangalia, nikakuta fundi wa miaka mingi nimechomeka kwenye tundu la ubao mkuu wa mashine, lile la juu, badala ya matundu ya kadi yaliyo chini. Naandika aibu hii ili msiirudie. Nikahamisha. Kioo kikatulia sekunde chache, kikafunguka.

Lakini kilikuwa kinapepesa: kinazima, kinawaka, kinazima. Waya niliokuwa nao ulikuwa mrefu wa mita tano, nilioutaka ili kompyuta ikae mbali na vumbi. Kwa picha nzito kama ile, waya mrefu wa bei ya kawaida unachoka njiani. Nikatoa waya wa mita moja na nusu uliokuja ndani ya boksi la kioo lenyewe, ambao wote tulikuwa tumeudharau kwa sababu ni mfupi, nikaisogeza kompyuta juu ya meza. Kupepesa kukakoma. Nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua nukta kamili za kioo, nikakuza herufi kidogo, nikamwita Zainabu.

Alikuja anafuta mikono. Alifungua picha ya Makote. Kisha akaanza kutaja, si kwangu, ni kama kuita watoto waje kula: "Msikiti. Shule. Kisima cha zamani. Kwa Mzee Chitanda. Njia panda." Hakusogeza kichwa karibu na kioo. Alikuwa ameketi wima, mgongo kwenye kiti, kama nilivyomkuta mwaka ule wa kwanza. Nilikwenda koridoni nikasimama na ukungu.

Siku ya saba wakaja tena, walewale. Mikorosho ilikuwa na vichwa vya duara. Baina yake uzi mwekundu ulitoka nyuma ya nyumba ya Bibi Somoe, ukapinda kwenye kichuguu, ukaingia shamba la Liuma na kutokea upande wa pili, kwenye makaburi matatu yenye mawe meupe. Bibi Somoe akaomba ruhusa ya kugusa. Akafuata njia kwa kidole, taratibu, akasimama kwenye mkorosho mmoja.

"Huu tulipanda mimba ya wa kwanza ikiwa na miezi minne. Yuko hapa pembeni yake."

Bwana Liuma alikuwa ameinamia magoti yake. Nilimtegemea abishe. Badala yake akasema, kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, "Mjomba alikuwa anaipita na yeye. Nilikuwa namfuata nyuma. Nilidhani nikiifunga hakuna atakayekumbuka." Akamgeukia Bibi Somoe. "Shikamoo mama." Walikuwa wamekaa chumba kimoja nusu saa bila kuamkiana.

"Marahaba, mwanangu."

Wakakubaliana upana wa njia: watu wanne waliobeba jeneza wapite bila kugusa uzio. Zainabu akaichora palepale, wote wakitazama, mstari mmoja bila kurudia. Habari za masjala hazikutajwa tena.

Baada ya hapo tulikuwa na miaka sita ya kioo kile. Nikiulizwa kazi ilikuwa nini, nitasema ni ile. Asubuhi nafika, nafuta vumbi, nakiwasha, na Zainabu anaingia na chupa ya chai akiuliza leo tunakwenda wapi, kana kwamba tuna gari. Nanganga, namwambia. Au Makote. Naye anaketi, kijiji kinatanda mbele yetu kuanzia ukuta hadi dirishani, tunatembea humo mpaka adhuhuri. Anajua kila mtu. Hapa kaolewa fulani, hapa walikatana mapanga kwa sababu ya mbuzi. Mimi kazi yangu ilikuwa kuhakikisha waya hazilegei, na kusikiliza.

Jicho la kulia nalo likaja likachoka. Mwaka wa mwisho nilikuwa nakuza, nakuza, mpaka kile kioo kipana kikawa kinaonyesha shamba moja kama kile kidogo cha zamani, na siku moja akaweka kipanya chini akasema, "Mama Shukuru, hapa tulipofika panatosha." Aliomba kustaafu mwenyewe. Akaenda kukaa Nanganga kwa mdogo wake. Nilikuwa namtembelea, tunakaa barazani, ananiuliza ofisi inaendeleaje, namwambia vizuri. Sikumwambia kwamba nimejikuta nikipika chai ya watu wawili.

Alifariki masika moja, barabara imekatika, nikafika siku ya tatu ya matanga. Mdogo wake akanipa mkono, akaniambia dada aliacha ujumbe. Nikategemea neno kubwa. "Alisema umkumbushe mkuu, ule mpaka wa kaskazini wa kijiji chetu haujarekebishwa." Nilirekebisha Jumatatu.

Mimi nikabaki hapo miaka mitatu zaidi, hadi zamu yangu ilipofika, mkanipa kanga.

Sasa naishi Masasi, chini huku, kwenye joto. Mwezi uliopita nilipanda Newala kwa maziko ya jirani wa zamani, na baada ya kuzika nikasema nipite ofisini mara moja. Langoni alikuwa binti mgeni kwangu, mchangamfu. Akaniamkia vizuri, akanipa kiti, akaniletea daftari la wageni. Kupitia mlango uliokuwa wazi niliona kioo kinawaka, na dada mmoja ameketi mbele yake anachora, kompyuta mpya pembeni, waya mfupi umefungwa vizuri kwa kibanio. Hakuna kilichokuwa kinapepesa. Hakuna kilichovimba. Nilitafuta kosa, Mungu anisamehe, nilitafuta hata dogo, nisimame niseme jamani hebu ngoja niwaangalizie.

Nikaandika jina. Nikaandika natoka Masasi. Safu ya tatu ilikuwa imeandikwa *Shida yako*, na hapo kalamu ikasimama.

"Una shida gani, mama, tukusaidie?" binti akauliza kwa upole.

"Sina, mwanangu," nikamwambia. "Nilikuwa napita."

Akachukua kalamu, akaniandikia mwenyewe, kwa mwandiko mzuri: *Hana.*